Nyota ya Fundi Mrisho

Fundi Mrisho alikuwa na cherehani moja, mke mmoja na nyota moja, na kwa jinsi alivyoisifu nyota ungedhani hivyo vingine alipewa kama nyongeza.

Alishonea barazani, karibu na soko la Mbeya. Babu yake, mtu wa Kilwa, alimwachia kitabu cha falaki ambacho kurasa za mwanzo zililiwa na panya. Kwa zilizobaki, Mrisho aliwagawia wateja nyota kama anayegawa vifungo. Yake mwenyewe ilikuwa ile ya rangi ya chungwa, upande wa kusini, chini ya zile mbili kali zilizo jirani na nyota za Msalaba wa Kusini. Alisema ni nyota ya moto, ya mwanamume ambaye damu ingali inachemka. Ndevu alizipaka hina zifanane nayo. Umri wake ulikuwa hamsini, na ulikuwa hamsini kwa miaka mingi.

Mwaka 1957 alipeleka posa Iringa kwa mjane aitwaye Zuena. Mwezi wa Julai Bushiri, kaka yake Zuena, akaja kumkagua mposaji. Baada ya swala ya magharibi wakaketi barazani, baridi inang'ata, mbingu haina wingu. Mrisho akanyoosha kidole kusini, akaanza sifa.

Bahati mbaya Mwalimu Anania wa shule ya misheni alikuwepo. Suruali yake ilikuwa wiki ya tano kwa Mrisho ikingoja kupunguzwa kiuno. Akasema kwa upole kwamba amesoma habari za nyota ile, nayo ni kikongwe. Imeteketeza kuni zake za ndani, ikavimba, ikapoa ngozi, ndiyo maana imegeuka rangi.

Bushiri aliitazama nyota. Kisha akalitazama tumbo la Mrisho, akapandisha macho taratibu hadi kwenye ndevu.

"Na ikishavimba?"

"Husinyaa," alisema Mwalimu. "Ila huchukua muda."

Bi Mwanakhamisi, mke wa Mrisho, alikuwa akimimina kahawa. "Mwalimu," akauliza, "na hiyo nyota inakoroma?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bushiri akapaliwa na kahawa. Asubuhi alipanda basi la Iringa bila kutaja mahari.

Siku mbili Mrisho alishona bila kumgawia mteja nyota. Kicheko angekivumilia. Kilichomchoma ni kwamba jioni alipotazama juu, naye aliiona imechoka.

Wiki ya pili ikaja barua ya Zuena. Mrisho alijua herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyemsomea. Zuena alisema mume wa damu ya kuchemka alishampata, akamvunjia vyombo vyote vya ndani. Safari hii anataka aliyepoa. Ila aambiwe umri wa kweli.

"Andika hamsini na mbili," alisema Mrisho.

Mwanakhamisi akamfuata Mwalimu hadi njiani. "Andika sitini na sita. Nimechoka kumkanda mgongo peke yangu."

Mwalimu akaandika sitini na sita.

Ndoa ilifungwa Septemba. Wake wale wawili walipatana upesi mno. Jumamosi walitoka pamoja kutembelea mashoga zao, wakimwachia Mrisho wali chini ya kawa. Akawalalamikia majirani kwamba ameoa wawili na bado anakula peke yake. Majirani wakamwuliza kama wali una nazi. Akakiri kwamba unayo.