Mvua ya Jumatatu

Mtaalamu wa dhoruba tunayemzungumzia alikuwa hajawahi kulowa na dhoruba. Kwa miaka thelathini na miwili alizichambua akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisini ambacho gurudumu lake moja lilishang'oka, mezani pana rundo la daftari za vituo vya mvua, kikombe cha chai kilichopoa na rula. Idarani walimwita Mama Milimita, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, na mwishowe mkuu wa idara naye akasahau kwamba ana jina jingine. Majirani walipomuuliza kama Jumamosi kutanyesha kwenye harusi yao, aliwajibu bila kutabasamu, "Mimi nashughulika na mvua iliyokwisha kunyesha." Wakaacha kumuuliza. Kumwalika hawakuacha.

Sifa zake zote zilianzia kwenye mvua moja. Alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo alifukua daftari za kituo kidogo cha milimani, akakuta Jumatatu moja ambayo kipimo kilisoma milimita mia mbili na kumi na nne kwa siku moja. Hakuna kituo jirani kilichokuwa kimepata hata nusu ya hiyo. Aliandika makala, makala ikasomwa mbali, na wahandisi wakaanza kuchora mitaro na madaraja yao kwa kuitazama namba hiyo. Sasa alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kitabu chake kikubwa cha dhoruba kilikuwa tayari kwenda kuchapwa. Sura ya kwanza ilikuwa ya ile Jumatatu.

Na kituo chenyewe hakuwa amekipata kwa kubahatisha. Msomaji wake wa vipimo alikuwa baba yake mzazi. Kila siku saa tatu asubuhi, kwa miaka thelathini na mmoja, mzee alifungua kile kipimo, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika, akamwaga. Siku ya kustaafu idara ilimpa cheti kilichosema hakukosa siku hata moja. Cheti hicho kilining'inia sebuleni kwa binti yake, alikohamia baada ya magoti kumgomea. Wageni walikisoma wapende wasipende, kwa sababu mzee aliwakalisha kiti kinachokitazama.

Barua ya mhakiki ilifika Jumanne. Ilisifu kitabu kwa kurasa mbili, kisha ikaweka swali moja mwishoni, kwa adabu ya kuudhi: "Mwandishi amefanya jaribio la siku za juma kwa vituo vyote isipokuwa kimoja. Ningependa kujua sababu."

Jaribio lenyewe ni la kitoto, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Unahesabu mvua kubwa za Jumatatu, za Jumanne, mpaka Jumapili. Mawingu hayana wikendi, kwa hiyo hesabu zinatakiwa zikaribiane. Zisipokaribiana, kosa si la mawingu, ni la binadamu. Alikuwa amewaumbua wasomaji wa vipimo kumi na wanane kwa njia hiyo: mmoja alikuwa akienda kuvua samaki Alhamisi, mwingine alikuwa amekufa mwaka mzima huku vipimo vikiendelea kufika. Kituo cha baba yake hakukijaribu. Alijua jibu.

Alilifanya siku hiyohiyo, kumfunga mdomo mhakiki. Kwa miaka ishirini na mitano hesabu zilikaa sawa kabisa, akaanza kutunga jibu la kejeli kichwani. Kisha ikaja miaka sita iliyobaki. Katika miaka hiyo sita mvua kubwa zilikuwa arobaini, na thelathini na tatu kati yake zilinyesha Jumatatu. Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri. Daftarini, sifuri za wikendi hizo ziliandikwa kwa mwandiko mzuri wa baba yake, kila moja na nukta yake.

Hakuhitaji kuambiwa maana yake. Kipimo kilikuwa kimeachwa siku tatu kikijaa taratibu, na Jumatatu mzee akaja kumimina siku tatu kwa mpigo na kuziandika kama moja. Dhoruba yake haikuwepo. Ilikuwa mvua ya kawaida iliyosubiri mtu arudi kazini.

Alikasirika. Alimkasirikia baba yake kwa ule mwandiko mzuri, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea, akatazama miezi. Mwezi wa nne mvua za Jumamosi, zile ndogondogo, zilirudi. Mwezi wa nane zilirudi. Mwezi wa kumi na mbili zilirudi, kisha Januari zikapotea tena. Alizitazama tarehe za mwanzo na za mwisho za ile miaka sita kwa muda mrefu. Chai ikapoa mara ya pili.

Nyumbani alimkuta mzee uani, anakagua kipimo kidogo alichojiwekea kando ya kamba ya nguo.

"Baba, nina swali la kazi."

"Uliza."

"Ile miaka niliyokaa mjini kwa shangazi, nilipokuwa sekondari, nikirudi nyumbani likizo tu. Nani alikuwa anasoma kipimo Jumamosi?"

Mzee alifunika kipimo chake kwanza.

"Basi lilikuwa linaondoka saa mbili," alisema. "Kipimo ni saa tatu."

"Si ungeandika tu kwamba hakikusomwa. Nafasi yake ipo kwenye fomu."

"Ningeandika hivyo wangeniuliza naenda wapi. Wangeniambia nichague. Mama yako ndiyo kwanza alikuwa ametutoka, na shangazi yako aliniandikia kwamba huli." Akavuta kiti, akakaa. "Sasa nichague nini hapo, mwanangu?"

Alikumbuka zile Jumamosi. Baba yake akifika kwa shangazi na viatu vyenye tope la milimani, akikaa barazani mpaka Jumapili jioni bila la kuzungumza, isipokuwa lile swali alilomuuliza kila mara: "Huku kumenyesha?" Naye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, akiona aibu mbele ya wenzake, akijibu kwamba hajui. Lakini alikuwa akila. Hilo alilikumbuka pia, kwamba Jumamosi alikuwa akila.

"Ile mvua ya mia mbili na kumi na nne," alisema. "Ile niliyoiandikia. Ilikuwaje hasa?"

"Mimi nitajuaje? Sikuwepo. Tulikuwa wote barazani kwa shangazi yako, jua kali, unanisomea hesabu zako. Nilipoiona umeiandika gazetini nilitaka kusema. Ila ulikuwa umefurahi sana."

Nguo kwenye kamba zilikuwa zimekauka na hakuna aliyezianua.

"Zifute zile za wikendi," mzee akasema. "Na kile cheti nakishusha. Weka kalenda."

"Kiache baba. Ukuta una doa hapo."

Asubuhi alimwandikia mhakiki mstari mmoja, kwamba yuko sahihi na anamshukuru. Akaitoa sura ya kwanza kitabuni. Akawaandikia wahandisi, nao wakajibu kwamba mitaro imeshajengwa mikubwa na haijawahi kumdhuru mtu. Mkuu wa idara alimwita akamuuliza kama ana uhakika, maana kuivunja makala iliyomlea mtu ni jambo zito. Akasema ana uhakika.

Kilichobaki ni kumbukumbu zenyewe. Wikendi mia mbili ishirini na nane, kila moja na siku zake tatu: mistari mia sita themanini na minne ya kufutwa kwenye kompyuta. Mfumo wa idara haufuti kitu bila sababu, na kila mstari unadai ya kwake. Zipo nne za kuchagua: kifaa kibovu, msomaji mgonjwa, msomaji hayupo, nyinginezo. Aliweka kidole kwenye ya tatu, akakiondoa. Hayupo haikuwa kweli. Akachagua nyinginezo, na mfumo ukamtaka aeleze.

Mfumo huo haukubali kunakili. Aliandika "Alikuwa kwangu" mara mia sita themanini na nne, na ilimchukua siku tatu.