Kitambaa cha Mama na Kompyuta ya Ofisi ya Pamba

Miaka ya themanini ilikuwa inaishia pale ofisi yetu ya pamba mjini Shinyanga ilipoletewa kompyuta, na mimi, karani wa kupiga chapa, nikapelekwa Mwanza wiki tatu kujifunza kuitumia. Nilirudi nimevimba kichwa. Nyumbani Ngokolo mama hakuuliza mashine inafanya nini. Aliuliza kama ina kitambaa.

Kwa mama, kitu cha thamani kisicho na kitambaa kilikuwa uchi. Redio ilikuwa nacho, kabati la vyombo, hata mtungi wa maji ya kunywa. Basi akafuma cha kompyuta kwa uzi wa njano, chenye vishada virefu. Nilikitandika juu ya skrini, kikaning'inia nyuma kwa madaha, na wenzangu wote wakakisifu.

Haukupita muda mashine ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri. Saa nne inazimika yenyewe, na hata ubonyeze mpaka kidole kiume, kimya. Kesho yake inawaka tena, utadhani imejitibu usiku. Nilikagua plagi, nikabadilisha fyuzi, nikahamishia waya kwenye soketi ya meneja. Wapi! Kila jioni mama aliniuliza, "Imeamkaje leo?" kama anayeulizia mgonjwa, nami nilizidi kukasirika.

Meneja wetu alikuwa mtu wa maneno makali. "Binti," akaniambia mbele ya watu, "ikizimika tena inarudi Mwanza, na wewe unarudi kwenye taipureta. Wiki tatu zile ulikuwa unajifunza kuizima?" Ofisi nzima ikacheka. Nilikwenda kulia chooni.

Ikazimika tena. Nikamwita fundi wa mashine za kuchambulia pamba, mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Alisubiri ipoe, akasema niiwashe, akainama nyuma yake na kutega sikio kama anavyofanya kwa injini zake.

"Feni haizunguki," akasema. "Inapata joto, inajizima isiungue."

Aliizima, akakifunua kitambaa, akachukua koleo dogo, akaanza kuvuta uzi wa njano kutoka kwenye matundu ya feni. Ulikuja mrefu, mrefu, mpaka nikaona haya. Tulipoiwasha, feni ikavuma.

Meneja akaja kuuliza tatizo lilikuwa nini. "Vumbi la pamba," nikajibu haraka. Fundi alinitazama, akauviringa ule uzi na kuutia mfukoni. Mungu amrehemu.

"Vumbi! Na wewe ulikuwa hufuti?" akafoka meneja. "Kesho asubuhi utapata barua yako ya kurudi kwenye taipureta. Mashine atapewa mwingine."

Mama sikuweza kumdanganya. Nilimweleza yote, nikakiweka kitambaa mezani. Alivishika vishada vyake vilivyokatika, kimoja kimoja.

"Kumbe ni mimi," akasema. Ugali wake hakuumaliza.

Asubuhi, barua ikiwa tayari mezani kwa meneja, mama akaingia ofisini akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kitambaa mkononi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alinipita moja kwa moja hadi mezani kwa meneja.

"Mwangaluka, baba," akamsalimia meneja kwa Kisukuma. "Aliyeharibu mashine ni mimi. Nilifuma hiki, nyuzi zake zikaingia ndani. Huyu mtoto hana kosa, ananificha tu. Barua hiyo nipe mimi."

Meneja, ambaye hatukuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu, akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Meneja alikipokea kitambaa, akakigeuza huku na huku. Kisha akaichukua barua, akaikunja mara mbili na kuichana. Nilimpenda mama wakati ule hata nikashindwa kuinua uso.

"Mashine haiwezi kuvaa hiki, mama," akasema meneja, sauti imemshuka. "Lakini nyumbani kwangu kuna redio. Haina kitambaa."

Mama akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Ina upana gani?"