Barua ya council niliyodai nimeisoma, na nyumba ya Bi Nunu pale Birmingham

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine, mambo vipi.

Hii nimekaa nayo muda mrefu. Kila nikianza kuiandika nafuta. Leo naimwaga yote, na sijapunguza kitu ili nionekane mzuri. Mkifika mwisho mtaona kweli sijapunguza.

Kwa wasionijua: niko Birmingham, naendesha forklift kwenye ghala. Shule niliishia form two, na hiyo form two yenyewe mwalimu alikuwa akiniona darasani anashtuka.

Kiingereza changu ni cha forklift. Up, down, mind your back. Nje ya hapo nipo hoi. Shikeni hilo, litarudi.

Nilipofika mji huu nilikuwa na begi moja na namba ya simu ya jamaa anaitwa Abdi. Abdi ni Msomali aliyekulia Nairobi, wakati huo alikuwa anaendesha taxi. Akaniambia, "Panda basi ya Winson Green. Ukiona ukuta ya jela, shuka. Mlango ya green. Usibishe, ingia tu."

Wakuu, mtu umetoka Tanga kutafuta maisha unaelekezwa jela.

Nikampigia mama kumjulisha nimefikia karibu na jela. Mama akasikia jela tu, hayo mengine yalimpita. Alifunga siku tatu kuniombea.

Huo mlango wa kijani ulikuwa wa Bi Nunu.

Bi Nunu ni Mzanzibari, mjane. Yeye na marehemu mumewe waliinunua ile nyumba enzi mumewe anafanya kazi kiwandani. Nyumba ya matofali mekundu, imebanana na wenzake kama meno. Vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, basi.

Neno lake la kwanza kwangu: "Ushakula?"

La pili: "Viatu."

Nikavua. Nikaonyeshwa sofa ya kahawia yenye shimo katikati. Lile shimo lilichimbwa na migongo ya watu wengi sana kabla yangu. Kila Mswahili aliyeingia upande ule wa mji bila pa kulala, awe wa Unguja, wa Mombasa, wa Goma, alipitia shimo lile. Niliambiwa wiki moja. Nilikaa miezi minne, na hakuna siku niliyoulizwa naondoka lini.

Tuliohama tulikuwa tunarudi Jumamosi. Mbaazi za nazi, mahamri, chai ya tangawizi inayokutoa kamasi. Viatu vinajaa mlangoni mpaka kwenye ngazi, na wakati wa kutoka ni bahati nasibu. Mpaka leo kwangu kuna kiatu cha kushoto sijui cha nani. Mwenyewe kama unasoma hapa, njoo na cha kwangu tubadilishane.

Na barua zetu zote zilikuwa zinakuja pale. Hata ukishapata kwako, benki ni kwa Bi Nunu, daktari ni kwa Bi Nunu. Mtu anahama nyumba tano, anwani ile ile. Shikeni na hilo.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe.

Jumamosi moja sebule imejaa, Bi Nunu akaja na bahasha kubwa ya kahawia. Akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na kwa sababu nilikuwa na mdomo.

"Hebu nisomee hii mwanangu. Si wewe ndo hujifanya Mzungu?"

Watu wakacheka. Wakanikodolea macho.

Nikaifungua. Karatasi nne, maneno marefu kama treni ya mizigo. Nikaona "bus". Nikaona kiramani chenye mistari miwili, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu. Nikakunja uso kisomi, nikageuza ukurasa wa pili, nikaguna kidogo.

"Matangazo tu hayo Bi. Wanataka kutuongezea mabasi."

"Eh, na waongeze. Haya ya sasa yanakuja kama mvua ya jangwani," akasema, akaichukua ile barua akaiweka chini ya birika la chai, lisiunguze meza.

Ikakaa pale miezi. Ikapata alama ya duara kama muhuri wa serikali.

Barua ya pili ililetwa na mtu kwa mkono, akataka saini. Siku hiyo Abdi alikuwepo, na Abdi anasoma kweli. Nilimwona anasoma, uso unabadilika rangi.

"Bi Nunu, wanachukua nyumba."

"Nani kawaambia nauza?"

"Si lazima uuze. Inaitwa compulsory purchase. Council ikitaka kupanua barabara, inakulipa na unatoka. Upende usipende."

Wakuu, kule nyumbani mnajua alama ya X nyekundu ukutani. Huku X inakuja kwenye bahasha, tena na "Dear Madam" juu. X ni X tu.

Abdi akaendelea: "Na wanasema waliandika kitambo, wakauliza watu barabara ipite upande gani, ya red ama ya blue. Upande huu hakuna mtu alijibu. Hiyo letter iko wapi?"

Mimi nikaanza kuchunguza dari.

Bi Nunu akanyanyua birika. Akampa ile karatasi yenye duara. Hakuniangalia.

Abdi aliniangalia. "Buda, si ni wewe ulisoma hii?"

"Niliipitia juu juu," nikasema. Ndivyo nilivyosema, wakuu. Juu juu.

Kutoka siku hiyo nikawa mtu wa mbio. Nikajitangaza katibu wa kuipigania nyumba. Form two na mimi, katibu.

Na hapo tukagonga ukuta mwingine. Mji huu umegawanywa wadi wadi, kila wadi na madiwani wake. Mstari wa wadi ulikuwa unapita katikati ya mtaa wetu, juu ya ile rangi nyeupe ya barabara kabisa. Mradi uliandikishwa wadi ya ng'ambo. Na katiba ya council, maana nayo ina katiba yake, ilikuwa inasema wa kusimama kuzungumza kikaoni kuhusu mradi ni wakazi wa wadi ya mradi.

Yaani nyumba inayovunjwa ni ya Bi Nunu, wa kuzungumza ni jirani wa ng'ambo ambaye kwake hakiguswi hata kibaraza.

Bi Nunu akauliza, "Nikivuka barabara nikasimama kule, si nitakuwa wa wadi ile?"

Abdi akasema haifanyi kazi hivyo. Bi akasema, "Basi huyo aliyechora huo mstari hajapatapo kuazima chumvi kwa jirani."

Njia ikabaki petition: wamruhusu azungumze, na katiba yao ibadilishwe, mwenye nyumba inayochukuliwa asikilizwe hata akiwa wadi gani. Nikachukua daftari, Jumamosi ile sebule nzima ikasaini. Sahihi sitini na moja! Nikapeleka mwenyewe kwa mkono, nimevaa shati la Idi.

Jumatatu simu ikalia. Mama mmoja wa council, sauti ya upole, anaongea taratibu kama anaongea na mgonjwa. Nikaweka loudspeaker, Abdi anitafsirie.

Kwanza akauliza Mama Salma ni jina au ni cheo.

Halafu Baba Pacha. Halafu Fundi. Halafu Papa Dodo, huyo ni kinyozi wetu Mkongo. Akauliza kwa nini kuna Abdi wanne, na mmoja ameandika "Abdi Mrefu". Akauliza Kiberiti ni nani.

Kiberiti ni mimi, wakuu. Nilikuwa mwembamba zamani.

Kumbe katika daftari zima hakuna jina hata moja linalotambulika na serikali yoyote. Tumekula sahani moja miaka, hakuna anayejua jina la mwenzake la kitambulisho. Nani atakuuliza? Ukishaitwa Fundi, umeitwa.

Halafu yule mama akashusha sauti. Abdi akatafsiri huku anabana kicheko. "Anauliza kama ni ukweli watu sitini na moja wanaishi kwa nyumba ya bedroom mbili. Anataka kujua kama mko sawa. Kama kuna watoto."

Wote tulikuwa tumeandika anwani ya Bi Nunu. Wote!

Bi akasema kutoka jikoni, "Mwambie wamepungua. Zamani walikuwa wengi zaidi."

Tukapewa mpaka Ijumaa. Jina kamili, anwani halisi, na sababu ya kila mtu kuhusika na nyumba ile.

Wakuu, ile wiki sitaisahau. Kila nikitoka ghalani napanda basi. Handsworth, Sparkhill, juu ya maduka, nyuma ya maduka, nagonga milango ya watu ninaowajua kama ndugu, nawauliza, "Samahani, hivi wewe unaitwa nani?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Fundi ni Athanas. Nimemjua miaka yote, Athanas, na si fundi wa kitu chochote, alitengeneza feni mara moja tu. Mama Salma alilitafuta lake kama mtu anayetafuta funguo. Akasema tangu mama yake afariki hakuna aliyemwita hivyo. Papa Dodo aliliandika lake refu mistari miwili, akaniambia, "Ndugu, hilo nilipewa na babu, usikate hata kidogo."

Na kwenye ile sehemu ya kuhusika, sikumwambia mtu aandike nini. Mmoja aliandika, "Nililala kwenye sofa wiki sita." Mwingine, "Nililala sofa, mwezi wa Ramadhani." "Mimi na mke wangu, sakafuni, siku kumi na mbili, baridi." "Mwanangu alianza kutembea kwenye zulia lile."

Nilikuwa nasoma kwenye basi. Taratibu, neno moja moja, lakini zile nilisoma zote.

La mwisho lilikuwa la mwenye nyumba. Nikamuuliza, Bi, jina lako hasa?

"Rukia," akasema. "Usilizoee."

Ombi la Bi kuzungumza likakubaliwa. Akapewa dakika tatu.

Ukumbi mkubwa, viti vya kupanga, sisi nyuma tumejazana. Bi Nunu kavaa buibui jipya, Abdi pembeni anatafsiri. Sikumbuki yote, lakini hili nalikumbuka:

"Kwangu mtu akija sina nafasi, namkaribisha kwanza. Namuuliza kala? Namsikiliza katokea wapi. Halafu ndo namwambia sina nafasi. Nyinyi mmeanza na mwisho."

Akaongeza, "Na mie hiyo ya mwisho sijapatapo kuifikia. Kila aliyekuja alilala."

Diwani mmoja akavua miwani, akaifuta.

Matokeo sasa, maana nyie mnataka matokeo.

Katiba ilibadilishwa. Siku hizi mwenye nyumba inayotakiwa anazungumza, hata mstari wa wadi upite juu ya kichwa chake. Na ramani ya wadi ilipochorwa upya, mtaa mzima ukaingizwa wadi moja. Tulishinda.

Nyumba ilivunjwa.

Mstari mwekundu, ule uliopita upande wetu, ulikuwa umeshachaguliwa zamani, wakati karatasi iko chini ya birika. Huo haukurudi nyuma.

Siku ya kuhama tulibeba kila kitu, sofa ikagoma mlangoni. Ikabidi ikatwe. Mimi nikajifungia jikoni kama nafunga vikombe kwenye magazeti. Bi Nunu akaja, akasimama.

Nikamwambia, "Bi, ile barua ya kwanza. Sikuisoma. Sikuielewa hata mstari."

"Najua."

"Unajua?"

"Macho yako hayakutembea. Mtu akisoma macho hutembea. Yako yalisimama kama ya samaki wa barafu."

"Sasa mbona hukusema? Ungempa mwingine aisome."

Akanipokonya kikombe nilichokuwa nimekifunga vibaya, akakifunga upya. "Sebule imejaa watu. Nikuaibishe wewe mbele zao kwa ajili ya karatasi? Nikasema kesho ntampa mwengine. Kesho nkasahau. Basi tumeivunja sote wawili. Lete sahani."

Wakuu, mie nilipakia sahani.

Sasa hivi anakaa flat ya ghorofa ya tatu kule Sparkhill, ina lifti, anaichukia lifti. Sebule ndogo, Jumamosi tunaingia kwa zamu. Mimi ndo msomaji wake wa barua. Nilianza madarasa ya usiku ya Kiingereza, na kila barua akinipa ananiangalia machoni kwanza. Yakisimama, ananyoosha mkono: "Lete nimpe Abdi."

Na pale Winson Green pana kituo cha basi. Kizuri, kina kibanda cha kioo na benchi. Nimepima kwa hatua kutoka ukuta wa jela: benchi liko pale pale ilipokuwa sofa. Juzi mvua imenikuta pale natoka kazini, nikaingia kibandani haraka, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeinama nafungua kamba za viatu.

Kaka mmoja Mjamaika aliyekuwa anasubiri basi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko nyumbani.

Nilichojifunza ni kidogo, kama elimu yangu. Kama hujaelewa, sema hujaelewa, aibu yake ni ya dakika tano tu. Na muulize jirani yako jina lake kabla council haijakuuliza.

Karibuni kwenye comments, matusi nayo napokea. Ila kama na wewe uliwahi kulala kwenye lile shimo, andika hapa jina lako kamili na ulilala siku ngapi. Jumamosi zamu yangu ikifika nitamsomea Bi. Na weka na lile tulilokuwa tunakuita, asije akauliza huyu ni nani.