Maandiko ya Magloire

Kwa miaka ishirini Magloire, fundi wa kuandika mabango wa mtaa wa Kikula, alikula kutokana na hofu za watu. Mzee akifariki katikati ya mji wa Likasi na kuacha mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampuni ya madini, zenye baraza pana na bomba la moshi, watoto wake walianza kuogopana, nani atauza kwa siri, hata matanga hayajaisha. Mmoja alimkimbilia Magloire, naye akaja na ndoo yake kuandika ukutani: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Alijisifu kwamba rangi yake haitolewi na mvua wala na shemeji.

Kumbe mwenyewe alikuwa na kiu ya nyumba kama zile. Alikwisha kuandika nusu ya mtaa ule, na hakuna siku aliyokaribishwa barazani. Basi mtu mmoja, Hilaire, alipomfuata hadi Kikula, mara tatu, akitaka kumuuzia nyumba ya marehemu baba yake, Magloire hakujiuliza kitu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mwenye kiu hana habari na wahenga. Aliuza kiwanja chake na nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, akanunua.

Mkewe Georgette aliukagua ukuta wa mbele, akataka kujua sababu ya weupe wake.

"Juu ya nini alipaka chokaa ku ukuta moja tu?"

"Ni heshima, mama. Anatupokea."

Walikaa barazani majuma sita, Magloire akiwapungia wapita njia mkono kama chifu. Ikanyesha mvua ya kwanza. Asubuhi chokaa yote ilikuwa imeshukia maua, na ukutani yamesimama maneno yale yale, meusi, hayakupungua hata nukta. Nyumba za kampuni hufanana kama mayai ya kuku mmoja, naye alisahau kwamba hii aliwahi kuiandika. Ila ile H yenye mkia ilikuwa ya mkono wake. Alimwonea Georgette haya, asijue pa kutazama.

Hilaire alikwisha kwenda zake Kakanda, na simu yake haiiti. Aliyekuja ni dada yake, Colette, wala hakupiga kelele.

"Papa Magloire, ni minye nilikuita kuandika ile maneno. Weye ulisema haitatoka."

Akawashtaki mahakamani, kaka yake na Magloire. Ambroise, wakili wa Magloire, alimfundisha jibu moja tu: siyui. Akisema hamjui aliyeandika, ataonekana mnunuzi aliyedanganywa, na huenda nyumba ikabaki. Georgette alimkumbusha njia nzima ya kwenda mahakamani.

"Siyui. Ni ile tu, papa. Usiongeze."

Hakimu aliinua picha ya ukuta, akaikunjia uso.

"Nani aliandika vibaya hivi? Ni mwanafunzi?"

Magloire aliitazama picha. Ambroise alikohoa, akakohoa tena.

"Ni minye, muheshimiwa," Magloire akasema. "Na inapigwa na mvua miaka munane. Angalieni vizuri."

Georgette alichukua mkoba wake, akatoka kwenda Kikula kutafuta nyumba ya kupanga.