Sauti Aliyoitoa Mama

Juzi, nikiwa Mbinga, nilimsikia mwalimu wa kwaya akiwatolea waimbaji sauti ya kuanzia, na ghafla nikanusa usipa wa Lundo.

Nilikuwa bado mtoto, na mchana ule kwetu Lundo tulikuwa tumeanika hao dagaa wa ziwani uani. Mgeni wa Songea alikuja kuwasikiliza ndugu watatu wa kwetu: mjomba na gitaa lake, mama sauti ya pili, mama mdogo Tekla sauti ya kwanza. Akimpenda Tekla, angeondoka naye akaimbe kwenye bendi.

Mama akatoa sauti, kama siku zote. Mjomba akahangaika kuitafuta kwenye nyuzi.

“Dada, shusha kidogo.”

“Imbeni.”

Kwenye kiitikio mama mdogo alipanda, mishipa ya shingo ikamtoka, kisha sauti ikakatika. Mgeni akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Siku hizi nami nawatolea watu sauti kanisani, na najua haipandi kiasi kile kwa bahati mbaya. Lakini siku ile nilimwonea mama huruma.

“Usijali, mama,” nikamwambia. “Kila mtu hukosea.”

Mama mdogo, aliyekuwa ameinamia usipa akiugeuza, akacheka peke yake.