Siku Niliyomwachia Mzee Kiti Changu

Nichekeni mapema, maana mwishoni mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia.

Mimi ni notari, Maître kwa wateja wangu, hapa mtaa wa Jette, ughaibuni. Nasimamia watu wanaposaini mikopo ya nyumba, na nilikuwa najigamba kwamba hakuna mteja mkorofi anayeniweza. Juzi akaja mzee mmoja wa Bukavu, anakopa anunue nyumba mtaa wa jirani, Ganshoren. Kabla sijamkaribisha, akaketi kwenye kiti changu. Sasa binti wa Tanga nimnyanyue mzee kitini? Nikakaa kwenye kile cha mteja, kando ya afisa wa benki, karatasi za mteja mbele yangu.

Mzee alinitoa jasho. Kila kifungu anakipinga, riba anaiita wizi.

"Siwezi tia jina yangu ku kitu yenye sijaelewa, Maître!"

Nikaeleza mpaka koo likakauka. Asiposaini, nyumba inakwenda kwa mwingine, na afisa wa benki alishaanza kukusanya vitu vyake. Nikaona nimtoe hofu kwa vitendo.

"Papa, mbona jambo dogo? Tazama."

Nikachukua kalamu, nikasaini kwa mbwembwe, hata mkia wa saini nikauvuta.

"Umeona? Haiumi."

Afisa wa benki akainama kuitazama ile karatasi, akafunika mdomo. Nami nikatazama. Nilikuwa nimesaini mahali pa mkopaji.

Mzee akajiegemeza kwenye kiti changu, mikono tumboni, kama mwenye ofisi.

"Bon, félicitations, Maître," akanipongeza. "Alors, ile nyumba yako ya Ganshoren, mimi utanipangisha ngapi kwa mwezi?"