Kengele ya Maganga

Wifi yangu Nyanjige alizaliwa Mkula, kwa katekista, na kwa katekista kulikuwa na baiskeli. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodai alijifunzia ukubwani. Si kweli. Alianza kuiiba ya baba yake akiwa mtoto, na kwa kuwa miguu haikufika, alipenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama ndizi, akaenda hivyo hivyo hadi kanisani na kurudi. Ilikuwa baiskeli ya zamani isiyo na breki za mkono. Ukitaka kusimama unapiga pedali kinyumenyume, inakaba. Hilo la pedali mliweke akilini.

Akaolewa na kaka yangu Maganga, akaja huku kwetu upande wa Migato, na baiskeli ikaishia hapo. Hakuna aliyemkataza. Ila siku zile mke wa mtu akionekana juu ya baiskeli, watu walisema anakimbia jembe. Akazaa, akalima pamba, akanenepa vizuri.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Pamba, ambayo siku zote tuliuzia chama cha ushirika, ikaanza kununuliwa na watu binafsi. Walikuja na magari yao, kila mmoja na mizani yake, wanakuita mama hata kama wanakuzidi umri. Maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo zamani ulivisikia tu. Kaka akauza pamba, akaenda Bariadi, akarudi na baiskeli mpya, nyeusi, maua ya plastiki kwenye usukani, makaratasi ya dukani hajayabandua. Alirudi nayo kwa miguu, akiisukuma.

Tulidhani anaitunza. Wiki ikapita, mwezi ukapita, Maganga anaisukuma kwenda mnadani, anaisukuma kwenda kanisani, na kila akimwona mtu mbele anapiga kengele. Usiku inalala ndani, Maganga na mbuzi wanagombea nafasi iliyobaki. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, wakati la nne lilikuwa la nne kweli, na hesabu hiyo haikunishinda: kaka yangu hakujua kupanda baiskeli.

Nyanjige naye alijua, akanyamaza. Mke mwema ana mengi anayoyajua.

Siku moja Maganga akaondoka na lori la msibani, baiskeli ikabaki. Wifi akanijia mbio, kwani nilikuwa nimeolewa kaya ya jirani.

"Wifi, njoo usimame pale zizini."

"Nifanye nini zizini?"

"Uangalie watu. Nataka niijaribu tu kama inasimama vizuri."

"Inasimama. Kila siku naiona imesimama."

Akakaza kitenge, akaitoa, akarusha mguu juu ya bomba kwa tabu, akayumba kama ndama wa siku moja. Nikasema huyu anakwenda kuvunjika nyonga na nitaulizwa mimi. Mara usukani ukanyooka. Akapita nyuma ya zizi, akazunguka shamba la mihogo, na aliporudi nilimwona uso. Ule uso sikuwa nimewahi kuuona tangu aje kwetu. Ulikuwa wa binti wa katekista.

"Shuka, wifi," nikamwambia. "Zamu yangu ya kuogopa imekwisha."

"Mara moja tena."

Alizunguka mpaka kuku wakazoea.

Tangu hapo, kila Maganga akiwa mbali, Nyanjige alikuwa na safari. Mara chumvi imekwisha, mara mgonjwa wa kumjulia hali. Akawa mwepesi, akiimba tenzi za kanisani akikoboa mpunga. Kwenye tambarare alisimama kwa kuburuza miguu chini, na kandambili zake zikaisha visigino. Nilimuuliza kwa nini hashiki breki za pale usukanini. Akasema, "Wifi, hizo ni za mapambo." Na mimi, kwa elimu yangu yote, nikakubali.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Binti yake Nyanjige, Esteria, alikuwa ameolewa na Shigela, kijana wa kijiji cha pili, mwenye adabu mpaka inachosha. Alikuwa akituona hata sisi mashangazi anatafuta kichaka.

Ilikuwa masika, majaruba ya mpunga yamejaa. Shigela alikuja kumsalimia baba mkwe wake, jogoo kwapani. Amefika chini kwenye mteremko, akasikia kengele juu. Akafurahi. Nchi nzima ilijua kengele ile ni ya Maganga, na kwamba Maganga hutembea. Akasimama katikati ya njia, akavua kofia, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa kwa mkwe, akangoja.

Juu, Nyanjige alikuwa amemwona mtu. Akapiga kengele ili apishwe. Mtu hapishi. Akapiga tena. Mtu ndiyo kwanza anainama zaidi. Hapo miguu ikakumbuka Mkula: ikapiga pedali kinyumenyume kwa nguvu zote. Pedali zikazunguka bure kama feni, baiskeli ikazidi mbio.

Nilikuwa palizi upande wa juu, niliona yote. Shigela aliinua macho, akakuta kitenge kinakuja badala ya suruali. Akajifunika uso kwa kofia, akaruka kuacha njia, na upande alioruka ndio ule ule aliokatia Nyanjige. Wote wawili, na jogoo, wakaingia jarubani.

Nilipofika, kulikuwa na magogo mawili ya tope, moja linasema "nisamehe mama," jingine linasema "usiniangalie, baba, usiniangalie." Jogoo alikuwa ametangulia, amekaa juu ya kiti cha baiskeli.

Jioni Maganga alirudi, akasikia. Hakupiga kelele. Aliifuta baiskeli tope kwa shati lake mwenyewe, kisha akasema, "Jumamosi naipeleka mnadani, naiuza. Nyumba haiwezi kuwa na kitu cha kuangusha wakwe."

Nyanjige alikwenda kukaa jikoni bila kuwasha moto. Nikajua kumekucha, maana yule hata akifiwa huwa anapika. Nikamwendea mama yetu, Kabula, aliyekuwa hajaisikia habari kwa sababu ya masikio, nikampigia ukelele yote.

Kesho yake mama alituita uani kwake, akiwa anabangua njugu mawe. Shigela akawekwa nyuma ya ghala, ajibu akiwa huko.

"Shigela," mama akaanza, "ulimwona mama mkwe wako uso?"

"Niliona tope, bibi."

"Na kabla ya tope?"

"Niliona kitenge, nikafunika macho. Kabla ya hapo nilisikia kengele ya baba."

"Na kama ungejua ni mama mkwe?"

"Ningekuwa nimeshaingia kwenye mtama tangu mbali."

Mama akabangua mbili tatu. "Basi hawa hawakuonana. Mkosaji ni kengele. Inasema Maganga, anakuja Nyanjige. Kengele iwe ya mtu mmoja. Maganga, mwanangu, ilete hapa uipande, watu wote wajue ni yako."

Kaka akatazama chini. "Mama, goti."

"Lipi?"

Akafikiri. "Yote."

Nyuma ya ghala Shigela alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nami nilijifunika kanga mdomoni, kwa heshima ya kaka.

"Mwite mwenye kuweza," mama akasema.

Nyanjige akatoka jikoni na masizi shavuni, akapanda mbele ya mume, mama mkwe na mimi, akauzunguka ua. Ulipofika wakati wa kusimama tulimwambia kwa pamoja, "Mkono!" Akashika breki. Ikasimama papo hapo, yeye akaendelea kidogo.

Haikuuzwa. Kengele ikawa ya Nyanjige, na nchi nzima ikaarifiwa. Jumapili alipanda mbele, Maganga nyuma kwenye keria, suti imenyooshwa, mwavuli umefunguliwa, anasalimia watu kulia na kushoto. Watu wakamtania. Akawajibu, "Ninyi zenu mnaendesha wenyewe. Yangu imekuja na dereva."

Na walipofika mteremkoni, Nyanjige alipiga kengele mara moja. Mtama wa kando ya njia ukatikisika.

"Mwadila, mayu," mtama ukamwamkia mama mkwe.

"Mwadila, baba," Nyanjige akaujibu, macho mbele, mikono yote miwili kwenye breki.